Nani Aliyeanza?

Nyumbani kwetu ni Ndagoni, katika kisiwa cha Mafia, upande wa Ras Kisimani. Hapo rasini ndipo ulipokuwa mji wa kale wa Kisimani Mafia, ambao sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Tulipokuwa watoto, maji yakikupwa tulikwenda kuokota vigae vya vyungu na sahani, na jioni tukampelekea bibi yangu mzaa mama. Yeye alikuwa akivigeuzageuza mkononi, kisha akaanza kutusimulia arusi ya Kua.

Watu wa Kua, mji uliokuwa katika kisiwa cha Juani, waliwaalika watu wa Kisimani arusini. Wageni walipofika usiku walikaribishwa katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba. Wakaandaliwa vyakula, wakachangamshwa kwa mazungumzo. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu kafuata maji, huyu kaitwa na mkewe, mpaka akabaki mzee mmoja tu, hodari wa maneno, akiwachekesha wageni. Huku nyuma mlango ulikuwa ukijengwa kwa mawe na chokaa. Hakutoka mtu, wala mzee mwenyewe. Bibi alipofika hapo hunyamaza kidogo, kisha husema, "Hao ndio watu wa Kua." Nasi tulikwenda kulala tukiwachukia watu ambao wamekwisha kufa zamani na mji wao umebaki magofu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mwanachuo wa ualimu, nilikutana na hadithi hiyo hiyo katika maandishi ya enzi ya Waingereza. Niliisoma kwa furaha, kama mtu aliyeona jina la kijiji chake katika ramani. Lakini kumbe arusi ilikuwa nusu ya pili. Nusu ya kwanza ilisema kwamba miaka saba au minane kabla ya arusi, watu wa Kisimani walijenga jahazi, na siku ya kulishua waliwaalika watu wa Kua kwenye karamu. Katikati ya shamrashamra waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, na chombo kikapitishwa juu ya miili yao kana kwamba ni magogo ya kushulia. Watu wa Kua walirudi kwao, wakanyamaza, wakangoja. Arusi ilikuwa ndiyo malipo.

Nilipopata likizo nilimwuliza bibi. Alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele. Alisema, bila kuinua uso, "Hilo nalo lilikuwako, mume wangu." Akaendelea kuchambua mchele wake.

Bibi hakuwa amenidanganya. Kila alichokisimulia kilikuwamo katika hadithi. Alichofanya ni kuchagua mahali pa kuanzia.

Msomaji asidhani kwamba nayachukua mambo haya kuwa historia iliyothibitishwa. Miji yenyewe ilikuwako bila shaka. Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba Kisimani, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1961. Magofu ya Kua yapo mpaka leo, na yajulikana kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 mji huo ulivamiwa na Wasakalava waliovuka bahari kutoka Madagaska. Ama jahazi na chumba cha arusi, hayo ni masimulizi. Ninalotaka kulizungumzia hapa ni namna mtu anavyosimulia kisasi, na mahali nilipolijifunza jambo hilo vizuri zaidi si penye magofu bali ni kwenye kiwanja cha mpira.

Mchezo wa mpira wa miguu, kama tunavyoujua, ulizaliwa pamoja na ugomvi juu ya kuumizana. Mwaka 1863 wawakilishi wa klabu za London na vitongoji vyake walikutana ili waandike sheria za pamoja. Walikubaliana juu ya mengi, lakini walishindana juu ya jambo moja: je, ni halali kumpiga mwenzio teke la muundi wa guu ili kumwangusha? Klabu ya Blackheath ilitaka mateke hayo yaruhusiwe, kwa hoja kwamba ukiyaondoa utauondoa ujasiri katika mchezo. Waliposhindwa, Desemba mwaka huo, walijitoa. Baadaye walikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha raga mwaka 1871, na sheria za raga za mwaka huo nazo zikayapiga marufuku mateke yale yale. Hata waliotetea muundi kuvunjwa walichoka na miundi yao kuvunjwa.

Karibu miaka 100 baadaye alitokea mwamuzi mmoja Mwingereza, Ken Aston, ambaye nampenda kwa kuwa naye alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Tarehe 2 Juni 1962 alichezesha mechi ya Kombe la Dunia baina ya Chile na Italia mjini Santiago. Mchezaji wa Chile, Leonel Sánchez, alipigwa mateke na Mario David wa Italia, akainuka akamtwanga ngumi. Hakutolewa. Dakika chache baadaye David akalipiza kwa kuinua mguu usawa wa kichwa cha Sánchez, naye akatolewa nje. Muitalia mwingine alikuwa ametolewa mapema, na mwingine tena akavunjwa pua. Chile ilishinda 2-0. Waitalia walikumbuka ngumi, Wachile walikumbuka mateke. Kutokana na fujo za namna hiyo, na zile za mwaka 1966 baina ya Uingereza na Argentina, Aston alibuni kadi za njano na nyekundu, akiwa amepata wazo hilo kutoka kwenye taa za barabarani. Zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico, na katika mashindano yale hakuna hata mchezaji mmoja aliyeonyeshwa nyekundu.

Kadi ilikuwa na faida moja kubwa, nayo ni kwamba uwanja mzima huiona na hakuna wa kujifanya hakuelewa. Lakini kadi haikuweza kuponya kasoro moja ya zamani. Mwamuzi ana macho mawili tu. Kosa la kwanza mara nyingi hufanyika kwa siri, nyuma ya mgongo wake. Kelele zinapozuka ndipo anapogeuka, na anachokikuta ni kosa la pili. Kwa hiyo mlipizaji ndiye anayeadhibiwa, na mashabiki wake hupiga kelele kwamba ameonewa. Hawakosei kabisa. Ila husahau kwamba kosa la kwanza halilifanyi la pili kuwa si kosa. Sheria ya mpira haimwulizi mtu kama alichokozwa. Inamwuliza alifanya nini.

Hapa kwetu mashabiki tunao wa kutosha. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo Watanzania wengi huzaliwa wakiwa wamekwisha kugawanywa. Mimi ni mpenzi wa Yanga tangu utoto. Naweza kukueleza ushindi wetu wa 5-0 wa mwaka 1968 mpaka ukachoka, na zile 6-0 za mwaka 1977 nitakuambia tu kwamba siku zina mambo yake. Tarehe 1 Oktoba 2016 nilikuwa Kilindoni, mbele ya televisheni, watani hao walipokutana Dar es Salaam. Amissi Tambwe aliifungia Yanga. Wachezaji wa Simba wakamzonga mwamuzi wakidai kwamba mpira aliutengeneza kwa mkono, na nahodha wao, Jonas Mkude, akapewa kadi nyekundu. Mashabiki wa Simba waling'oa viti vya Uwanja wa Taifa na kuvirusha. Mwishowe Shiza Kichuya akasawazisha kwa kona iliyoingia moja kwa moja, ikawa 1-1, na Serikali ikazifungia klabu zote mbili kuutumia uwanja ule.

Pale Kilindoni mimi niliona kifua. Jirani yangu, mpenzi wa Simba, aliona mkono. Tulikuwa tumekaa benchi moja, tukitazama kioo kimoja. Kuhusu viti nilikuwa na hotuba tayari juu ya uharibifu wa mali ya umma. Lakini jirani aliponiuliza ningesema nini kama wangeng'oa wenzangu, nilijibu kwamba wenzangu wasingeng'oa bila sababu.

Majirani zetu wa Kenya nao wana yao. Tarehe 18 Machi 2012, katika Uwanja wa Nyayo mjini Nairobi, Gor Mahia walikutana na AFC Leopards. Ali Abondo wa Gor Mahia alitolewa kwa kadi nyekundu kwa kumchezea rafu mbaya Amon Muchiri. Mashabiki wa Gor Mahia walifanya fujo mchezo ukasimama. Aliyeumia alikuwa upande wa pili, lakini waliokasirika walikuwa wao. Waswahili wamekwisha kusema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Je, shabiki wa namna hii ni mwongo? Kwa muda mrefu nilidhani hivyo, mpaka niliposoma habari za mechi moja ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono. Novemba 1951 vyuo vikuu viwili, Princeton na Dartmouth, vilichuana vikali. Nyota wa Princeton alivunjwa pua. Baadaye mchezaji wa Dartmouth akavunjwa mguu. Wasomi wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ile ile ya mechi, wakawaomba wahesabu makosa. Mwaka 1954 walitangaza matokeo. Wanafunzi wa Princeton walihesabu makosa ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyahesabu wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Hawa hawakuwa wamelipwa wala kutishwa, walihesabu walichokiona. Jicho lenyewe huwa limevaa jezi. Akipenda chongo, huita kengeza, na huenda kweli anaona kengeza.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuiacha insha hii, lakini haitakuwa haki, kwa sababu nina ushahidi wangu mwenyewe.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu bara. Timu yetu ilicheza na timu ya kiwanda kimoja cha mji ule. Mapema kipindi cha kwanza winga wao, kijana mwembamba mwenye mbio, alimpiga beki wetu kiwiko cha mdomo. Mwamuzi hakuona. Mimi niliona, na niliona damu. Beki wetu alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, mpole, hodari wa hesabu. Wanachuo walimpigia kelele kipindi kizima, wakimwambia kwamba dawa ya moto ni moto. Kipindi cha pili, winga alipokwisha kuutoa mpira na kugeuka kuutazama unakokwenda, beki wetu alimwendea kwa miguu yote miwili. Nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa ukuti unapokatwa. Kabla winga hajapiga kelele, upande wetu ulikuwa umekwisha kushangilia. Nami nilikuwa nimesimama, na mikono yangu ilikuwa juu.

Kamati ya michezo ilitaka taarifa yangu. Niliandika kwamba mpira ulikuwa ukigombewa. Nikaongeza kwamba mwanachuo wangu alikuwa ameumizwa mapema kwa makusudi, na kwamba hana rekodi ya utovu wa nidhamu. Maneno mawili ya mwisho yalikuwa kweli. La kwanza lilikuwa uongo, na ndilo lililoamua shauri, maana jambo likahesabiwa kuwa ni ajali ya mchezo. Beki hakufungiwa, na yule winga hakulipwa kitu na mtu yeyote. Alikuwa kibarua wa kupakia mizigo. Nilisikia kwamba mguu uliunga vibaya.

Mwaka uliofuata tulicheza na timu nyingine, na safari hii aliyelala chini alikuwa mwanachuo wetu. Kilichomtangulia ni rafu yetu wenyewe, lakini sikuiona kuwa na uzito. Usiku ule ule niliandika barua ya kurasa tatu. Nilisema kwamba kuchokozwa si udhuru, kwamba mchezaji wa namna ile afungiwe maisha, na kwamba mwamuzi asiyejua kutofautisha mpira na mguu hafai. Ilikuwa barua nzuri. Baada ya wiki mbili nilipata bahasha kutoka kwa katibu wa kamati. Ndani yake hamkuwa na barua. Mlikuwa na nakala ya taarifa yangu ya mwaka uliotangulia, basi.

Nilikaa nayo ofisini mpaka jioni. Kisha nikamwita yule beki, ambaye sasa alikuwa amebakiza majuma machache amalize mafunzo aende kufundisha. Nilimwambia kwamba taarifa ile haikuwa ya kweli. Nilidhani atashukuru, au atakana. Aliinama, akasema, "Mwalimu, mimi nilijua kwamba mpira haukuwapo. Nilidhani wewe hukuona."

Nimeyatafakari maneno yale kwa miaka mingi kuliko hotuba yoyote niliyopata kuitoa. Alikuwa amenihifadhia heshima kwa kunidhania kipofu. Na sasa alikuwa akienda kusimama mbele ya watoto, akiwa amejifunza kwa mkuu wake kwamba kosa la mtu wa kwetu lina jina jingine.

Nilikwenda kiwandani kumtafuta winga. Niliambiwa amekwisha kurudi kwao, na hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa. Niliandikia kamati barua ya kusahihisha taarifa yangu. Ilipokelewa, na haikubadili kitu, kwa sababu msimu ulikuwa umekwisha.

Tangu wakati ule kila nisikiapo habari za kisasi michezoni huutafuta mguu ule. Katika nchi za baridi wana mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na huko kulipiza kumekuwa kama kazi: akiguswa nyota wa timu, yuko mwenzake anayetazamiwa kumlipia. Tarehe 16 Februari 2004 Steve Moore wa Colorado alimgonga Markus Näslund, nahodha wa Vancouver. Waamuzi hawakutoa adhabu. Vancouver walikasirika, na timu zilipokutana tena Machi 8, Todd Bertuzzi alimfuata Moore kwa nyuma, akampiga ngumi ya kichwa, wakaangukia barafuni. Moore alivunjika pingili tatu za shingo, na hakucheza tena. Bertuzzi alifungiwa, akakiri kosa mahakamani, kisha akarudi kucheza kwa miaka mingi. Kesi ya fidia ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2014, miaka 10 baadaye. Tazama urefu wa kila jambo: kugongwa kwa Näslund kulikuwa kwa sekunde moja, malipo yake yakachukua maisha yote ya uchezaji wa mtu mwingine. Kisasi hakijui kipimo, kwa sababu anayepima ni yule yule anayeumwa.

Siku hizi nimestaafu, niko Ndagoni. Jioni vijana hucheza mpira, nami hukaa kwenye kiti changu chini ya mnazi. Wakigombana huja kwangu, maana mzee ana nafasi. Kila mmoja huanza kusimulia kwa kosa la mwenzake. Nimejiwekea kanuni moja: sisikilizi mpaka mtu aanze na kosa la upande wake. Wengine hukasirika wakaondoka. Wengine hujaribu, na ni ajabu namna sauti inavyopungua mtu anapoanza hapo. Sisemi kwamba ugomvi huisha. Angalau huwa tunazungumzia mechi moja.

Wajukuu nao huokota vigae rasini na kuniletea, nami huwasimulia Kisimani na Kua. Ila mimi huanza na jahazi. Huwaambia kwamba sisi, watu wa upande huu, tuliwaalika wageni na watoto wao, na nini tukawafanyia. Kisha ndipo nikaja kwenye arusi. Mdogo wao mmoja husikiliza akiwa amejikunyata, na mara zote huuliza swali lile lile: "Babu, kwa nini sisi tulifanya vile?" Jibu sina. Lakini nadhani ni afadhali alale na swali hilo kuliko kulala, kama nilivyolala mimi, akiwachukia watu wa Kua.